Bahasha ya Kaki: Ushuru na Masomo ya Kazi Ng'ambo

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita mbele ya wanachama wa chama chetu cha mafundi na wataalamu waliojiajiri, katika ukumbi wa kanisa mtaani Buruburu, Nairobi. Wengi mliokosa mliomba niiandike. Nimeiweka yote kama nilivyoisema, ila picha za ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti wetu, mama mweka hazina, wazee wetu, dada zangu na kaka zangu, hamjambo?

Nimesimama hapa na bahasha. Mnaiona huko nyuma? Ni bahasha ya kaki, ya kawaida kabisa. Mwenyewe ameniruhusu niionyeshe, ila jina lake nisilitaje. Ni fundi wa mashine za ultrasound. Hospitali ikiwa na mashine imegoma, yeye ndiye anayepigiwa simu usiku. Miaka michache iliyopita hospitali mbili anazozihudumia zilinunua mashine za aina mpya, na akajua kwamba asipojifunza kuzifungua, kazi itakwenda kwa mwingine. Akajikusanya, akauza kiwanja kidogo, akaenda Ujerumani wiki mbili kusomea mashine hizo hizo.

Akarudi na cheti, na bahasha hii. Akaiweka kwenye dashibodi ya pikapu yake na kusahau. Ilipofika Aprili ya mwaka uliofuata akaniletea ofisini, pale mtaa wa Tom Mboya, nimwandalie hesabu za ushuru, akasema, "Mama, kila kitu kimo humu ndani."

Nikaimwaga mezani. Nikachukua risiti ya hoteli, usiku kumi na nne. Ilikuwa nyeupe. Nikaigeuza, nyeupe. Nikaiinua dirishani. Juu kulikuwa na kivuli cha nembo, na chini tarakimu mbili za mwisho, basi. Risiti nyingi siku hizi haziandikwi kwa wino, zinachomwa kwa joto kwenye karatasi maalum, na jua la dashibodi lilikuwa limemaliza kazi yote. Tulikaa naye kimya kidogo. Mtu ameuza kiwanja, ndugu zangu, na ushahidi wake umekuwa karatasi tupu.

Nitawaambia baadaye ilikwishaje. Kwanza niulize: kwa nini karatasi ile ilikuwa na thamani? Kwa nini mimi na yeye tulikuwa tunaihuzunikia?

Sheria yetu ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, kifungu cha 15, inasema kwamba unapohesabu mapato yako utaruhusiwa kukata, yaani kuondoa kwenye mapato hayo kabla ya kutozwa ushuru, gharama zilizotumika kikamilifu, na kwa ajili hiyo tu, katika kuyapata mapato hayo. Hayo ndiyo maneno ya kushika leo. Kikamilifu, na kwa ajili hiyo tu. Sheria haisemi "masomo". Haisemi "ng'ambo". Inauliza swali moja: pesa hizi ulizitoa ili upate mapato haya unayotozwa ushuru? Kama ndiyo, haijalishi darasa lilikuwa Ngara au Munich. Kama sivyo, hata lingekuwa hapa mlangoni, halikatwi.

Sasa wengi hukosea mlango wa kwanza kabisa. Kijana mmoja aliingia kwangu akiwa na furaha tele: "Mama, nimesikia KRA itanirudishia karo yangu." Hapana, mwanangu. KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, haimrudishii mtu karo. Tuchukue mtu ambaye biashara imembakishia faida ya shilingi 1,600,000 kwa mwaka, na masomo ya ng'ambo yamemgharimu 400,000. Akizikata, atatozwa ushuru kwa 1,200,000. Zile 400,000 zilikuwa kwenye ngazi ya asilimia 30, kwa hiyo ushuru wake umepungua kwa 120,000. Hizo ndizo anazookoa. Zile 280,000 zilizobaki zimetoka mfukoni mwake na hazirudi. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakikopa, tena kwa riba ya kuumiza, wakiamini serikali italipa. Usikope kwa matumaini hayo. Nakuomba, usikope.

Na wewe unayelipa ushuru wa mauzo, ule wa asilimia 3 kwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, nisikilize vizuri. Ushuru ule hutozwa kwenye mauzo yote, kabla ya gharama. Hapo hakuna kukata chochote, si karo, si kodi ya duka. Ikiwa una mpango wa masomo ya gharama kubwa, kaa na mhasibu mapema mpige hesabu, maana sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna ukaomba kutoka huko na kutozwa kwa faida kama wengine. Jambo hilo halifanywi baada ya safari.

Tuje kwenye uhusiano wa somo na kazi. Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo watu huumia.

Kuna dada anayeongoza watalii. Anawachukua hapa mjini, anawapeleka mbugani hapa Nairobi, halafu Naivasha, halafu Mara. Alijifunza Kijerumani kidogo shuleni, na kampuni zinazomwita zikaanza kumwambia: tungekupa makundi ya Wajerumani, lakini lugha yako bado. Akaenda Berlin, wiki nne, Kijerumani asubuhi hadi jioni. Kwenye hesabu ya ushuru wake nikakata karo, nikakata chumba, nikakata na gharama ya tiketi. Baada ya miaka miwili akaenda tena Ujerumani, safari hii kusomea utunzaji wa wazee, kwa sababu binamu yake huko alimwambia kazi ipo. Akaniletea risiti, safi kabisa, zimepangwa kwa tarehe. Nikamwambia, "Hizi siwezi."

Aliniuliza, "Kwa nini? Nchi ni ile ile. Mimi ni yule yule. Pesa zilitoka akaunti ile ile."

Kwa nini, ndugu zangu? Kwa sababu Kijerumani kilimfanya apate zaidi katika kazi aliyo nayo. Utunzaji wa wazee ungempa kazi nyingine, ambayo hajaianza na haijamletea hata senti moja ya kutozwa ushuru. Somo la kwanza lilinoa jembe analolimia. La pili lilikuwa kununua shamba jipya, na sheria hiyo hiyo, kifungu cha 16, inakataza kukata gharama za namna ya mtaji.

Nimesikia vijana wakisoma kwenye intaneti ushauri wa Australia, kwamba hata mwajiriwa hudai masomo anayojilipia ikiwa yanaboresha ujuzi wa kazi aliyo nayo. Ni kweli, huko. Wengine wamesoma ya Marekani, ambako kuna kipimo kinachofanana na hiki nilichowapa, kwamba somo linalokufuzu kwa kazi mpya halikatwi. Soma, jielimishe. Lakini ritani, ile taarifa ya mapato na ushuru wako wa mwaka, unaiwasilisha hapa, na afisa atakayekuuliza anashika sheria ya hapa.

Kwa ndugu zetu walioajiriwa ambao wamekuja leo, nitasema kwa ufupi kwa sababu habari si nzuri. Mwajiriwa wa Kenya anayejilipia karo mwenyewe hana mahali pa kuiweka. Ritani yake ina nafasi ya akiba ya uzeeni, ina riba ya mkopo wa nyumba, ina nafuu ya bima. Ya karo yake haina. Njia yako ni mwajiri. Ikiwa mafunzo ni ya kazi yake, alipe yeye, na iwe gharama ya biashara yake. Na akikutuma, posho ya siku unapokuwa nje ya kituo chako kwa kazi ilikuwa haitozwi ushuru hadi shilingi 2,000 kwa siku, kiwango kilichodumu miaka mingi hata kikawa hakitoshi chakula cha mchana katika miji mingi. Tangu tarehe 1 Julai 2025 ni shilingi 10,000. Zungumza na mwajiri kabla hujalipa. Ukishalipa, mazungumzo yamekwisha.

Sasa nirudi kwetu, tunaojiajiri. Niwaulize swali nililomuuliza dada mwingine, mpambaji wa maharusi. Alikwenda Dubai siku kumi na mbili. Siku tano alisoma upambaji, darasa la maana kabisa, na kazi yake ilionekana imebadilika. Siku saba alikuwa kwa dada yake anayeishi huko, wakatembea madukani, wakapumzika. Akaniletea gharama za siku zote kumi na mbili.

Karo nikaiandika yote. Usiku wa darasa nikauandika, pamoja na ule wa kufika, maana darasa lilianza asubuhi mapema. Siku saba nikaziondoa, vyumba na chakula na teksi. Tukabaki na tiketi ya ndege. Nikamuuliza: "Kama siku moja kabla ya safari wangekupigia simu kwamba darasa limefutwa, ungepanda ndege?"

Akanyamaza. Akatazama dirishani. Halafu akasema, "Ningepanda. Dada yangu alikuwa amejifungua."

Nikaiacha tiketi. Si kwa sababu afisa angejua. Yawezekana asingejua kamwe. Lakini maneno ni yale: kikamilifu, na kwa ajili hiyo tu. Safari ile ilikuwa na sababu mbili, na ile ya pili, ya kwenda kumshika mtoto mchanga, ilikuwa sababu nzuri mno ya kupanda ndege. Ila si ya kukatia ushuru.

Fundi wetu wa ultrasound angepanda? Aende Ujerumani kufanya nini? Hana mtu huko. Asingepanda. Tiketi yake ikaingia yote. Hili swali litumieni nyumbani, kila mtu na nafsi yake. Darasa likifutwa, ungepanda ndege? Ukijikuta unasitasita, umeshapata jibu. Ada ya viza iliyoombwa kwa ajili ya darasa naiandika. Suti mpya siiandiki, koti la baridi siliandiki, hata ukiniambia ulitetemeka. Nguo ni za mwili wako. Na kama mfadhili alilipa karo, usiidai wewe. Unakata ulichotoa, si ulichofanyiwa.

Jambo linalofuata linawahusu zaidi wenye kampuni ndogo, na limewatoa watu machozi. Kampuni moja ya mafundi wa lifti, watu wanne tu, ilipeleka wawili Uchina kwa watengenezaji wa lifti wanazozihudumia. Karo ikatajwa, tuseme shilingi 500,000. Wakalipa zote kupitia benki, wakapata barua, wakafurahi. Baadaye KRA ikauliza: ushuru wa zuio uko wapi?

Ushuru wa zuio ni ule unaomkata mtu kabla hujamlipa, ukaupeleka KRA kwa niaba yake. Sheria yetu inataja kwa jina ada ya mafunzo yanayolengwa kuboresha utendaji wa shirika, na kama anayelipwa si mkazi wa Kenya, kiwango ni asilimia 20. Wale vijana walitakiwa kuzuia 100,000 na kutuma 400,000. Walituma 500,000 yote, na deni la ushuru likabaki mlangoni mwao, pamoja na adhabu na riba. Uchina nani atarudisha kitu? Angekubali nani?

Mara nyingi shule ya huko itakwambia inataka pesa zake kamili, na mambo ya ushuru wa kwenu haiyajui. Basi hesabu inageuka. Ili wapokee 500,000 safi, karo yako ya kweli ni 625,000, kwa sababu asilimia 20 yake ni 125,000, ambayo ni ya KRA. Ni bei kubwa zaidi. Afadhali uijue kabla ya kusaini kuliko kuijua kwa barua. Kenya ina mikataba na nchi kadhaa, Uingereza, Ujerumani na India zikiwemo, na mkataba unaweza kushusha kiwango. Uliza kwanza mkataba wa nchi unakokwenda unasemaje.

Tufike kwenye karatasi zenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikatwi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Watu wakaogopa: je, chuo cha Berlin kitatoa wapi eTIMS? Tulieni. Huduma ya mtu asiye mkazi, asiye na ofisi ya kudumu hapa nchini, imesamehewa. Tiketi za abiria wa ndege zimesamehewa pia. Ankara ya chuo na risiti yake zinatosha upande huo.

Hatari iko hapa hapa Nairobi. Kuna mawakala wanaokufungia kila kitu pamoja: darasa, viza, chumba, gari la kukuchukua uwanja wa ndege. Unamlipa yeye kwa M-Pesa, anakukatia risiti ya kitabu cha duka. Huyo ni mkazi wa Kenya. Huyo anatakiwa kukupa eTIMS, na ujumbe wa M-Pesa peke yake haukusaidii. Mwombe kabla ya kulipa. Akisema "nitakutumia baadaye", ngoja hiyo baadaye ifike ndipo ulipe. Ama lipa chuo moja kwa moja, ukate tiketi yako mwenyewe. Mimi huwashauri hivyo.

Na yule afisa akikuuliza? Maana atauliza. Mzigo wa kuthibitisha uko kwako mlipa ushuru, hivyo ndivyo Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inavyosema. Haimlazimu yeye kuonyesha kwamba ulikwenda kutalii. Ni wewe uonyeshe kwamba ulikwenda kazini.

Yule dada wa Kijerumani aliulizwa. Swali lilikuwa la haki kabisa: Kijerumani kinafundishwa hapa Nairobi, kwa nini ulikwenda Berlin? Tulijibu kwa karatasi tatu. Ya kwanza, barua pepe ya kampuni ya watalii, ya kabla ya safari, ikisema inahitaji kiongozi anayezungumza Kijerumani kufikia msimu wa Julai. Ya pili, ukurasa mmoja alioandika mwenyewe kabla ya kuondoka: kazi yangu ni hii, wateja wangu ni hawa, darasa ni hili, saa zake ni hizi, nimelichagua kwa sababu ninahitaji kumaliza kwa wiki nne na hapa madarasa ni ya jioni kwa miezi. Ya tatu, ankara zake za makundi ya Wajerumani baada ya kurudi. Haikufika kwenye pingamizi. Ukurasa ule mmoja ulifanya kazi kuliko hotuba yangu yoyote, kwa sababu tarehe yake ilikuwa ya kabla ya ndege kupaa.

Kama wewe yako itafika mbali, ukaletewa na KRA makadirio ya ushuru usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi. Siku 30, si "nikipata nafasi". Fungua barua pepe zako. Na kama ulisoma mwaka juzi, ulistahili, lakini hukujua, sheria inakuruhusu kurekebisha ritani ndani ya miaka 5. Muda huo huo wa miaka 5 ndio unaotakiwa kutunza kumbukumbu zako. Msizichome mkihama nyumba.

Niliwaahidi mwisho wa ile risiti nyeupe. Tuliiandikia hoteli barua pepe siku ile ile, tukataja jina lake na tarehe za kulala. Siku ya tatu nakala ikaja. Mungu aliwajalia mfumo mzuri. Lakini treni za kila siku kutoka hotelini hadi kiwandani, chakula cha wiki mbili, teksi ya usiku wa kufika, vyote vilikuwa kwenye karatasi za namna ile ile na hatukujua hata tumwandikie nani. Vilipotea. Alivilipa, vilikuwa vya kazi, na vilipotea. Tangu hapo kila anaposafiri hupiga picha risiti kabla hajatoka kaunta, akamtumia mkewe, kisha akaiweka mfukoni. Mke ana folda kwenye simu. Taarifa ya benki nayo huichapisha mwezi ule ule, ili shilingi zilizotoka zionekane kando ya euro zilizolipwa.

Ritani ya kila mwaka mwisho wake ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, mnajua. Nimekuja na bahasha hamsini za kaki, ziko pale karibu na birika la chai, na juu ya kila moja nimeandika kwa mkono wangu: sababu, ankara, risiti, tiketi, cheti, benki. Anayesafiri kusoma kabla ya mwezi wa Agosti aje mbele sasa hivi na kalamu. Ule ukurasa mmoja wa sababu tutauandika hapa hapa kabla hamjanywa chai.